KUTOKA HOSPITALI SI KUPONA



Nina neno juu ya jambo ambalo naona halijapata kusemwa sawasawa na wanachama wenzangu, ingawa hakuna ofisi hata moja ambamo halijaingia. Nataka kusema habari za mtu aliyeugua homa ya mapafu, ile ambayo wengine huiita nimonia na wazee wetu huiita kichomi, akaruhusiwa na daktari kurudi kwake, akakaa nyumbani majuma kadha wa kadha, wala si mgonjwa wa kulazwa wala si mzima wa kufanya kazi. Mtu huyu hana jina katika mazungumzo yetu. Akiwa hospitali tunamwita mgonjwa, na akifa tunamwita marehemu. Lakini akiwa kati ya kitanda cha hospitali na meza ya ofisi, tunamwita mvivu.

Kwanza yafaa tujue ugonjwa wenyewe hufanya nini, maana wengi wetu hudhani kwamba homa ikiondoka na ugonjwa umeondoka. Mapafu yetu yana vifuko vidogo sana vya hewa, visivyo na idadi, na humo ndimo damu inamopatia hewa safi. Vijidudu vya ugonjwa huu vinapoingia, vifuko vile hujaa maji na usaha, na mahali palipokuwa pepesi kama sifongo huwa pazito kama ini. Dawa huua vijidudu kwa siku chache, lakini dawa haizoi takataka. Kazi ya kuzoa ni ya mwili wenyewe, nao huifanya polepole, kidogo kwa njia ya makohozi na kidogo kwa njia ya damu, na wakati wote huo hutumia nguvu ambazo mgonjwa angependa kuzitumia katika kutembea na kusema na kupanda ngazi. Ndiyo sababu picha ya eksirei huweza kuonyesha kivuli katika pafu majuma mengi baada ya mtu kujiona hajambo.

Waganga wa Uingereza walitoa mwongozo wao mwaka 2014, na humo wameeleza mambo anayoweza kuyatazamia mtu mwenye ugonjwa huu tangu alipoanza kutibiwa. Baada ya juma 1 homa iwe imekwisha. Baada ya majuma 4 maumivu ya kifua na makohozi yawe yamepungua sana. Baada ya majuma 6 kikohozi na kukosa pumzi viwe vimepungua sana. Baada ya miezi 3 dalili zilizo nyingi ziwe zimekwisha, lakini uchovu waweza kuwapo bado. Na baada ya miezi 6 watu walio wengi huwa wamerudia hali yao ya zamani. Kijana mwenye nguvu aliyeguswa kidogo tu aweza kuitangulia hesabu hii, na mzee, au mvuta sigara, au mwenye ugonjwa wa sukari, aweza kuchelewa nyuma yake. Lakini naomba kila msomaji aisome tena polepole, kama asomavyo waraka wa mishahara, kisha ajiulize: yule karani anayeketi mezani kwake siku ya kumi, shati likimpwaya mabegani, yuko mahali gani katika hesabu hii?

Mimi nimeupitia ugonjwa huu wakati wa masika ya mwaka juzi. Nililala hospitali siku sita, na hapo sina la kulalamika. Taabu nilizozijua ni za nyumbani. Toka kitandani hata mlangoni ni hatua kumi na moja. Nilizihesabu, kwa sababu hatua ya saba ndiyo niliyokuwa nikishika ukuta. Usiku niliamka nimelowa jasho kana kwamba nimenyeshewa. Lakini jambo lililonishangaza zaidi si la miguu, ni la kichwa. Mke wangu huuza maandazi, na jioni moja alinipa daftari lake nimjumlishie safu moja ya tarakimu, kazi ambayo mimi huifanya bila kufikiri. Nilijumlisha mara tatu, nikapata majibu matatu. Yeye akalitwaa daftari kimya, akaenda kumpa mtoto wetu wa darasa la tano. Basi, watu wa kalamu, fikirini jambo hili. Mchukuzi wa mizigo akirudi kazini kabla ya kupona, mzigo humwangusha mbele ya watu wote. Karani akirudi kabla ya kupona haanguki; anakosea. Anaandika 617 mahali pa 671, na kosa lake hulala katika jalada mpaka siku ya ukaguzi.

Siku ya nne tangu kurudi kwangu, tarishi wa ofisi moja, ambayo sitaitaja, alikuja na bahasha mbili nene na maneno haya: kwamba niyatazame nikiwa nimelala, kwa kuwa kulala hakuzuii macho kusoma. Nilimpa tarishi maji ya kunywa, maana hatia haikuwa yake, nikamrudishia bahasha pamoja na cheti cha daktari. Najua wako wanachama ambao wangezipokea zile bahasha, tena kwa shukrani, wakiogopa kwamba meza yao itakaliwa na mwingine. Hofu hiyo nitairudia hapa chini, kwa maana ndiyo shina la neno langu.

Huenda mtu akasema kwamba kupumzika ni anasa ya wakubwa. Basi na tutazame mkubwa mmoja. Mwezi wa Desemba mwaka 1943, Waziri Mkuu wa Uingereza, Winston Churchill, alipokuwa njiani kutoka mkutano wa Tehran, alishikwa na homa ya mapafu karibu na Tunis, naye ni mtu wa miaka 69. Alipewa dawa iliyojulikana kwa jina la M&B 693, ambayo ilijaribiwa mwaka 1938 katika hospitali ya Birmingham: kati ya wagonjwa 100 waliopewa dawa ile walikufa 8, na kati ya 100 wasiopewa walikufa 27. Ilikuwa dawa kubwa ya zama zile, kabla penisilini haijaenea kwa watu wote. Homa ilimtoka. Je, alikwenda London moja kwa moja kukalia kiti chake? La. Alipelekwa Marrakech, katika nchi ya Moroko, akakaa huko mpaka katikati ya Januari 1944, na vita vya dunia nzima vikiendelea. Nakiri kwamba hata kitandani hakuacha kusoma barua na kutoa amri, na waganga wake hawakufurahi. Lakini ikiwa vita vile viliweza kumngoja mtu mmoja apate nguvu, nadhani na taarifa ya robo mwaka ya ofisi zetu yaweza kungoja.

Sisi hatuna Marrakech. Tuna chumba kimoja au viwili, na mkeka, na jirani mwenye redio. Kwa hiyo yafaa tujue jinsi ya kupona mahali hapo hapo tulipo. Dawa aliyoandika daktari na imezwe mpaka siku yake ya mwisho, hata kama mgonjwa amekwisha kuona nafuu tangu siku ya tatu. Wala asimkatie mwenzake mwenye kikohozi vidonge vinne vya hisani, kwa kuwa dawa nusu haimponyi mmoja wala wa pili, nayo huwafunza vijidudu kuizoea. Anywe maji mara kwa mara. Ale kidogo kidogo na mara nyingi, uji wenye maziwa, mayai, supu ya kuku, maharage yaliyopondwa, kwa sababu tumbo la mgonjwa wa mapafu hukataa sahani iliyojaa. Alale kichwa na kifua vikiwa juu kidogo kwa mito. Akikohoa akumbatie mto kifuani, na maumivu ya mbavu yatapungua. Wala asijaribu kukizuia kikohozi kwa nguvu, kwa maana ndiyo njia ya kutoa takataka. Kila saa anapokuwa macho aketi wima, avute pumzi ndefu mara kadha wa kadha. Na kila siku atembee kidogo kupita jana, leo mpaka mlangoni, kesho mpaka kisimani, akipumzika kabla hajachoka. Maana kulala tu mchana kutwa nako kunadhoofisha.

Moshi ni adui yake mkubwa. Nyumba nyingi zetu jiko li karibu na mahali pa kulala, na wakati wa baridi watu wema huingiza jiko la mkaa chumbani kwa mgonjwa ili apate joto, kisha hufunga dirisha. Mkaa katika chumba kilichofungwa huua hata mzima, naye hufa bila kupiga kelele. Afunikwe blanketi la pili, jiko libaki nje. Na mwenye sigara avutie mbali, awe ndiye mgonjwa, awe ndiye baba mkwe wake.

Tena ziko desturi ambazo sipendi kuzidhihaki, kwa kuwa zilitoka kwa watu waliotupenda. Kujifukiza kwa maji ya moto kwaweza kulainisha koo, lakini mvuke hauui vijidudu vilivyo ndani ya mapafu, na chungu cha maji yanayochemka chini ya blanketi kimekwisha kuunguza wengi. Kupakwa mafuta kifuani hakudhuru. Lakini kupigwa chuku na kuchanjwa chale mbavuni, mahali panapochoma, hilo naliomba likome. Mgonjwa ana jeraha moja ndani, hana haja ya mengine kumi nje.

Na wageni! Ndugu zangu, katika siku yangu ya pili nyumbani walikuwa watu kumi na watatu chumbani mwangu, wote kwa upendo, wawili wao wana mafua, na mmoja, mzee wa heshima, akatueleza kwa taratibu habari za watu watano wa ukoo wake waliokufa kwa kichomi. Hakuna awezaye kumwambia mzee anyamaze. Mke wangu alijua la kufanya: aliingia na kusema kwamba daktari ameniamuru nilale sasa hivi, wakaondoka kwa adabu. Salamu ya mlangoni yatosha, na mwenye mafua na atume mtoto.

Hapa sharti niseme na la hatari, nisije nikalaumiwa kwamba niliwafundisha watu kulala hata pale wasipopaswa kulala. Kama homa iliyokuwa imeondoka inarudi. Kama mgonjwa anahema upesi hali ameketi tu. Kama midomo inageuka rangi kuwa ya samawati. Kama anakohoa damu, au anaanza kusema maneno yasiyo na maana, basi huyo arudishwe hospitali siku ile ile, usiku ama mchana. Tena kikohozi kinachozidi majuma mawili kisiitwe mabaki ya nimonia kwa kubahatisha. Makohozi yapimwe, maana kifua kikuu hujificha nyuma ya jina la ugonjwa mwingine, na watu wa nyumba moja hukigawana bila kujua. Mvuta sigara, na aliyepita miaka 50, na yeyote ambaye dalili zake hazijaisha, amwulize daktari kama apigwe picha ya kifua tena yapata majuma sita baadaye.

Sasa nairudia hofu ya meza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imempa mfanyakazi wa Tanzania Bara siku 126 za likizo ya ugonjwa katika kila mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, na siku 63 za pili kwa nusu mshahara, naye apaswa kuleta cheti cha daktari. Siku 63 ni majuma tisa. Linganisheni na majuma sita ya kikohozi na kukosa pumzi niliyoyataja juu, mtaona kwamba walioandika sheria hawakuwa wajinga wa mwili wa binadamu. Wajinga ni sisi tunaosema juu ya mwenzetu, mbele ya chai ya saa nne, kwamba ameonekana sokoni akinunua ndizi, kwa hiyo ni mzima.

Sikatai kwamba wako wadanganyifu. Nimewaona, na nyinyi mmewaona: mtu ana cheti cha mgongo siku ya Ijumaa, na Jumamosi yuko harusini akicheza. Mtu wa namna hiyo na aadhibiwe, wala Chama kisimtetee. Lakini hatuwezi kumpima kila mgonjwa kwa kipimo cha mwongo mmoja. Cheti kina sahihi ya daktari na muhuri wa hospitali. Ikiwa mkuu wa ofisi ana shaka nacho, na amwulize aliyeandika, asimwulize tarishi.

Walakini nisipojihadhari nitaonekana kwamba nawalaumu wakuu peke yao, na hilo si kweli. Mara nyingi karani harudishwi kazini na mkuu wake. Anarudishwa na haja. Mshahara unaendelea, ndiyo, lakini nani asiyejua kwamba nyumba zetu haziishi kwa mshahara tu? Mimi nilipolala, maandazi yalikoma, kwa sababu mwenye kuyapika ndiye mwenye kuniuguza. Posho za safari zilikoma. Nauli za kwenda kuonwa na daktari ziliongezeka, maziwa yakaongezeka, mayai yakaongezeka, na mwenye nyumba hakupunguza kodi. Kufika juma la tatu mtu huanza kuhesabu, na hesabu hiyo ndiyo imwinuayo kitandani, wala si nguvu.

Na Chama chetu kiko wapi katika majuma hayo? Tangu wenzetu wa kale walipokianzisha chama cha watumishi wa Serikali Waafrika kule Tanga mwaka 1922, Martin Kayamba akiwa kiongozi wao, tumejisifu kwamba sisi ni watu wa kusaidiana. Nami sitasema kwamba hatusaidiani. Mwanachama akifa, kwa siku moja daftari huzunguka ofisi zote, fedha hupatikana, gari hukodiwa, mashada hununuliwa, na Katibu husoma wasifu wa marehemu hata watu wakalia. Ni vizuri, na isikome. Lakini katika miaka yote niliyolipa ada sijapata kuliona daftari hilo likizunguka kwa ajili ya mtu anayepona. Fedha ya maiti yapatikana kabla jua halijatua. Fedha ya trei mbili za mayai haina fungu katika kanuni zetu. Na pengine, kama ingekuwa na fungu, yale mashada yasingehitajika upesi hivyo.

Kwa hiyo naleta shauri, nami nimekwisha kumwandikia Katibu. Theluthi moja ya fedha za mfuko wa mazishi itengwe iwe ya wanachama walioruhusiwa kutoka hospitali na kuandikiwa mapumziko ya siku kumi na nne au zaidi. Ilipwe kila juma, si kwa mara moja, mpaka majuma sita yatimie au daktari aseme yatosha. Mlipwaji awe ni yule anayemwuguza mgonjwa, kwa maana mgonjwa mwenyewe atailipia deni. Pili, katika kila ofisi wanachama wawili wachaguliwe kuyashika majalada ya mwenzao kwa zamu mpaka atakaporudi, na jambo hili mkuu wa ofisi aelezwe kwa barua ya Chama, ili asiwe na sababu ya kumtuma tarishi. Tatu, akirudi, mwezi wa kwanza asipewe kazi ya kupanda ngazi na masanduku, wala safari za kulala nje.

Najua Mhazini atasimama aulize: na wakifa wanachama watano katika mwaka mmoja, itakuwaje? Swali hilo ni la haki. Jibu langu ni kwamba kwa mazishi watu huchanga hata pasipo mfuko, kama tulivyoona mara nyingi, na jirani huleta unga bila kuombwa. Kwa mgonjwa anayepona hakuna aletaye, kwa kuwa hakuna ajuaye kwamba bado ni mgonjwa. Ikiwa hata hivyo fedha zitapungua, tuanze na pilau ya mkutano wa mwaka, ambayo mwaka jana ilitugharimu mbuzi wanne.

Kanuni zataka shauri la kubadili fungu la mfuko lipate sahihi za wanachama watano kabla halijasomwa mkutanoni. Yangu iko, na mbili nyingine ziko. Karatasi yenyewe iko kwa Katibu, na mlango wake huwa wazi baada ya saa tisa na nusu.

Mimi mwanachama mwenzenu,

KARANI WA MAJALADA